Dubrovnik: kuta, mawe ya moto na kanga ya "Wache Waseme"

Siku ya kwanza

Ukitoka uwanja wa ndege wa Čilipi kwenda Dubrovnik, Kroatia, kwa basi, kaa upande wa kushoto. Sisi hakuna aliyetuambia. Tulikaa kulia, tukatazama mlima njia nzima, huku wenzetu wa viti vya upande wa pili wakiguna kwa raha kila kona. Kwenye kona za mwisho mke wangu alishindwa kuvumilia. Akainuka, akaegemea kiti cha mzee mmoja bila hata kuomba radhi, akasema, "Baba watoto, njoo uone."

Chini yetu mji mzima ulikuwa umekaa juu ya mwamba, vigae vyekundu vimebanana kama maandazi kwenye sinia, ukuta umeuzunguka pande zote na bahari inauosha miguu. Kando yake kulikuwa na kisiwa cha kijani tupu, kimetulia kama chombo kilichotia nanga. Hicho ndicho Lokrum, na hicho ndicho kilichotuleta, ingawa nyumbani tuliwaambia watu kwamba tunakwenda kuangalia majengo ya kale.

Niseme ukweli mapema. Wazo la safari hii ni la mke wangu. Yeye ni mkunga, mwaka wa 22 sasa. Mwili wa binadamu haumshtui hata kidogo. Kwake ni kama leja kwangu mimi mhasibu. Mfanyakazi mwenzake aliyewahi kusoma Ulaya alimsimulia fukwe za Kroatia ambako watu wazima, mababu na mabibi, wanaogelea bila nguo na hakuna anayejali, akasema lazima aone. Mimi ni mtu wa Tanga, nimelelewa kwenye nyumba ambayo kutoka bafuni kwenda chumbani ulifunga taulo na shati ukavaa juu yake. Tulikubaliana mji kwanza, mengine "tutaona". Nina miaka kumi na tisa kwenye ndoa, najua "tutaona" yake ina maana gani.

Chumba kilitangazwa kuwa dakika mbili kutoka barabara kuu. Ni kweli, kama unashuka. Kupanda ni ngazi 143, na nilizihesabu kwa sababu sanduku nililibeba mimi.

Jioni tukashuka Stradun, ile barabara kuu ya mji wa kale. Ina urefu wa kama mita 300 tu, imetandikwa mawe ya chokaa ambayo nyayo za karne kadhaa zimeyasugua hadi yanang'aa kama sakafu iliyopigwa deki sasa hivi. Zamani hapo palikuwa na mkono wa bahari. Upande mmoja kisiwa cha wakimbizi waliosema Kilatini, upande wa pili kijiji cha Waslavi, mwisho wakaufukia na kuwa mji mmoja. Karibu na lango la Pile kuna chemchemi kubwa ya Onofrio, iliyokamilika mwaka 1438, ikiletewa maji kutoka chanzo kilicho kilomita 12 hivi. Maji bado yanatoka vinywani mwa nyuso za mawe, na yanakunywika. Tukajaza chupa, tukaokoa euro kadhaa. Humo ndani ya kuta kila euro inayookolewa ni ya kushangilia.

Siku ya pili

Saa mbili asubuhi tulikuwa langoni pa kupandia ukutani. Tiketi ilikuwa euro 35 kwa kichwa. Nililipa huku nikiguna, lakini sikujuta. Ukuta una urefu wa mita 1,940, mahali pengine unapanda hadi mita 25, na mnatembea upande mmoja tu ili watu wasigongane. Ukichelewa hadi saa nne, jiwe lote limepata moto na abiria wa meli za kitalii wamekwisha kupanda, mnakwenda kama foleni ya mgao wa sukari.

Kutoka juu unaona kitu ambacho chini hukioni. Vigae si vya rangi moja. Vingine vimefifia, vina rangi ya biskuti iliyoloa chai. Vingine vyekundu vikali, vipya. Vyekundu ni jeraha. Mji huu ulizingirwa kuanzia Oktoba 1991, Yugoslavia ilipokuwa inasambaratika, na siku mbaya kuliko zote ilikuwa tarehe 6 Desemba mwaka huo, mabomu yalipoangukia mji wa kale wenyewe, mji ambao UNESCO ilikuwa imeuweka kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 1979. Vigae vya zamani vinavyofanana kabisa havikupatikana vya kutosha. Kwa hiyo ukitaka kujua nyumba ipi ilipigwa, angalia paa. Mke wangu alisema ni kama kovu la upasuaji kwenye ngozi nzuri. Nikamwambia leo asiniletee habari za wodini.

Ngome niliyoipenda zaidi iko nje ya ukuta, juu ya jabali. Inaitwa Lovrijenac. Upande unaotazama bahari na adui, ukuta wake mnene unafika mita 12. Upande unaotazama mji una sentimita 60 tu. Maana yake ni kwamba kamanda wa ngome akiota mapembe akataka kuutawala mji, mji wenyewe unaweza kumtoboa. Hao walikuwa wafanyabiashara, hawakumwamini mtu. Juu ya mlango wameandika kwa Kilatini kwamba uhuru hauuzwi hata kwa dhahabu yote ya dunia. Ni maneno makubwa kwa mji uliokuwa ukimlipa Sultani wa Waturuki dukati (sarafu za dhahabu) 12,500 kila mwaka ili aache biashara yao iendelee, lakini mhasibu hawezi kuwalaumu. Uhuru waliununua kwa bei nzuri. Na mwaka 1416 Jamhuri hii, maana mji ulijitawala kama nchi na uliitwa Ragusa, iliwapiga marufuku raia wake kununua na kuuza watumwa. Mtu wa pwani yetu akisoma mwaka huo lazima asimame kidogo. Soko la Unguja lilifungwa 1873.

Chakula cha jioni wali mweusi. Ni wali uliopikwa kwa wino wa ngisi, unaacha meno kama ya mtu aliyekula zambarau. Nilicheka peke yangu, kwa sababu sisi ule wino tunaumwaga.

Siku ya tatu

Lokrum ni kama mita 600 tu kutoka mjini. Boti inatoka bandari ya zamani, dakika kumi na kitu umefika, na tiketi ilikuwa karibu euro 30, kwenda, kurudi na kiingilio. Usiku haruhusiwi mtu kubaki. Sababu rasmi ni hifadhi ya mazingira. Sababu isiyo rasmi ni laana. Watawa wa Kibenedikto walikaa hapo tangu 1023, na walipofukuzwa, hadithi inasema, walikizunguka kisiwa usiku mara tatu, mishumaa wameigeuza kichwa chini nta ikidondoka ardhini, wakimlaani kila atakayekimiliki kwa anasa zake. Mwaka 1859 akakinunua Maximilian wa Habsburg, ukoo uliotawala Austria, akaweka bustani na tausi. Baadaye akaenda kuwa kaisari wa Meksiko, na mwaka 1867 akapigwa risasi na kikosi cha wanajeshi. Tausi wako mpaka leo. Mmoja alitufuata kwa nusu saa akitaka mkate.

Tulipita magofu ya monasteri na kiziwa kidogo cha maji ya chumvi wanachokiita Bahari Mfu, watoto wakirukia humo kutoka kwenye mwamba. Kisha mke wangu akasimama mbele ya kibao chenye herufi tatu: FKK. Ni kifupi cha Kijerumani chenye maana ya utamaduni wa mwili huru. Mshale ulielekea kusini-mashariki, ambako kisiwa kinaishia kwenye bahari wazi.

"Tutaona?" nikamuuliza.

"Tumeshaona kibao," akasema. "Twende."

Usitegemee mchanga. Ni mabamba ya mawe meupe yaliyoinama kuelekea majini, na ngazi za chuma za kushukia, kama za bwawa la kuogelea. Nyuma yake misonobari, na wale wadudu wake wanaolia bila kupumua. Kulikuwa na watu kama arobaini, wengi wana umri wa kuwa wazazi wangu. Wa kwanza kumwona alikuwa mzee mwenye kofia ya majani na miwani ya kusomea, amekaa juu ya taulo anajaza fumbo la maneno kwenye gazeti. Kofia, miwani, kalamu. Basi. Pembeni yake bibi mmoja anamenya pichi kwa kisu kidogo, ganda linashuka kama utepe, halikatiki, na yeye hainui macho mpaka amalize.

Mke wangu akatandika kanga. Hapo kuna sheria isiyoandikwa ambayo kila mtu anaifuata: hukai juu ya jiwe au kiti mwili mtupu, lazima uwe na kitambaa chako. Nyingine ni kwamba hupigi picha. Ya tatu, ambayo ndiyo kubwa, ni kwamba hukodoi. Yeye alivua nguo kama mtu anayevua koti la kazini jioni, akazikunja, akaziweka ndani ya kikapu, akaketi. Kanga ilikuwa ya "Wache Waseme". Naapa hakuichagua makusudi, au ndivyo anavyodai.

Mimi nilibaki na suruali, shati la mikono mirefu na viatu. Nikakaa pembeni nikijifanya natafuta kitu kwenye simu, halafu nikakumbuka kwamba mtu mwenye simu mahali hapo ndiye mtu wa kushukiwa, nikaificha upesi kama mwizi. Ndipo nikagundua kwamba ninatazamwa. Si mke wangu. Mimi. Mzee wa fumbo alinyanyua macho mara mbili. Mwanamume mwenye shati lililofungwa mpaka kooni kati ya watu arobaini wasio na kitu ndiye aliyekuwa uchi pale.

Nilihangaika kwa dakika arobaini. Shati kwanza. Halafu viatu, ambavyo nilipaswa kuvibakiza. Mwishowe nikaona njia ya salama ni maji: nitavua mwisho wa jiwe, nizame hapo hapo. Nikavua, nikashuka ngazi kwa haraka nikakosa daraja la mwisho, nikaingia baharini kwa kishindo ambacho hata tausi alikisikia. Ilikuwa mwezi wa Septemba, maji bado yana joto lake, na yana uangavu ambao chini mita sita unahesabu kokoto. Nimeogelea baharini tangu nina miaka minne, Raskazone, nikiwa na kaptula. Sikujua kwamba kaptula ina kelele. Bila hiyo maji yanapita tu.

Nilipopanda sikukimbilia taulo. Sijui kwa nini. Pengine kwa sababu hakuna aliyegeuka. Nililala kwenye kanga nikamsikiliza bibi wa pichi akimuuliza mke wangu kwa Kiingereza cha Kiholanzi kile kitambaa kimeandikwa nini. Mke wangu akamfasiria. Bibi akafikiri, akasema na waseme, na akatupatia pichi moja.

Nitatia neno moja hapa. Juzi Stradun watu walitutazama, weusi wawili wanaokula aiskrimu, si kwa ubaya, lakini macho yalikuwa yanatufuata na tuliyasikia mgongoni. Siku ile kwenye mawe ya Lokrum hakuna jicho lililotufuata. Najua kuna wasomaji wanaokunja uso hapa. Mimi nilikunja kabla yenu, na sisemi kila mtu aende. Nasema nilichokiona.

Siku ya nne

Upepo wa jugo. Unatoka kusini-mashariki, mzito, una unyevu, na unaleta mawimbi yanayopasuka ukutani hadi yanawarushia maji walio juu. Boti za Lokrum hazikwenda. Kila mtu mjini alikuwa na hasira, mpaka muuza burek, ile sambusa ya kwao, aliyetuchekea jana. Wenyeji husimulia kwamba enzi za Jamhuri mabaraza hayakupitisha uamuzi mzito siku za jugo, kwa kuwa kichwa cha mtu hakiko sawa. Nimeipeleka hoja hii ofisini kwetu kwa ajili ya siku za kufunga hesabu. Haijajibiwa.

Tukaingia kwenye majumba. Kasri la Mtawala: mtawala wa Ragusa alitawala mwezi mmoja tu, na mwezi huo alikaa humo ndani, hatoki ila kwa shughuli ya serikali. Juu ya mlango wa ukumbi wa baraza kuna maandishi yanayowaambia wasahau mambo yao na washughulikie ya umma. Kasri la Sponza lilikuwa forodha, na pale palipowekwa mizani pameandikwa kwamba mizani yetu hairuhusu kudanganya wala kudanganywa, na ninapopima bidhaa, Mungu ananipima mimi. Nilisimama hapo muda mrefu kuliko mahali popote pengine mjini. Mke wangu alikwenda kununua malimau akarudi akanikuta.

Jioni mwenye nyumba wetu, mama wa makamo, alituuliza tumetembea wapi. Mke wangu akajibu waziwazi. Nilitaka kuingia chini ya meza. Yule mama akatikisa bega tu, akamimina kahawa. Akasema kwake yeye ni jambo la Wajerumani, lakini mama yake alifanya kazi ya upishi kwenye kambi moja huko Istria, rasi ya kaskazini mwa nchi, na wageni waliheshimika kuliko wale wenye nguo, kwa sababu walikuwa hawalewi. Ukifuatilia, kweli habari hii ni ya zamani Kroatia. Kisiwa cha Rab, kaskazini, kilifunguliwa ufukwe wa namna hii mwaka 1934, na miaka miwili baadaye Mfalme Edward VIII wa Uingereza alipita huko na Wallis Simpson. Ikaja Yugoslavia ya kijamaa, iliyohitaji fedha za kigeni, na mwaka 1961 kambi ya Koversada ikafunguliwa karibu na Vrsar, huko huko Istria. Nchi ambayo nilidhani ni ya makanisa na makamanda ilikuwa imekwisha kuyamaliza mabishano haya kabla sijazaliwa.

Siku ya tano

Bahari ikatulia. Tukapanda boti ya Cavtat, kama dakika 45 kuelekea kusini-mashariki. Huko ndiko kwa mizizi: mji wa kale wa Epidaurum ulipovunjwa karne ya 7, wakimbizi wake ndio walioanzisha Ragusa. Siku hizi ni ghuba mbili, minazi isiyozaa nazi, na mikahawa yenye bei ya kuvumilika kidogo.

Baharini mbele ya Cavtat kuna visiwa vidogo vya mawe, Mrkan, Bobara na Supetar. Mwaka 1377 Jamhuri iliamuru kwamba anayetoka kwenye nchi zenye tauni haingii mjini hadi akae siku 30 kwanza, huko visiwani au hapo Cavtat. Baadaye siku zikafika 40 mahali pengine, na ndiyo asili ya karantini. Mkunga wangu aliposoma hilo alinyamaza, akavitazama vile visiwa kama mtu anayetazama kaburi la mwalimu wake.

Ufukwe wa pili wa safari hii uko kwenye rasi ya Sustjepan, chini ya hoteli kubwa, mawe tena, watu wachache kuliko Lokrum. Safari hii sikuhitaji dakika arobaini. Nilihitaji kama mbili. Hilo ndilo lililoniponza, kwa sababu nilikuwa nimejawa na ujasiri, nikaingia majini kwa miguu bila kutazama chini, nikamkanyaga yule mdudu mweusi wa baharini, nungunungu wa maji. Mtoto wa Tanga! Kaka zangu wasisome hapa.

Nilitoka nikiruka kwa mguu mmoja, na naweza kuthibitisha kwamba hakuna mtu anayekumbuka kwamba yuko uchi akiwa na miiba kumi na moja kwenye kisigino. Mke wangu alinilaza kwenye kanga kifudifudi, akauweka mguu wangu mapajani pake, akatoa kibano cha nyusi. Mwanamume mmoja Mjerumani akaja na chupa ndogo ya siki kutoka kwenye kikapu cha chakula chake, akasimama kimya ameishika kama muuguzi wa zamu. Mkewe akaleta kivuli cha mwavuli. Watu wanne uchi wa mnyama wamekizunguka kisigino kimoja. Mwiba wa kwanza, wa pili, wa tatu. "Usitikise," akasema mke wangu, na ilikuwa ile sauti ya wodini. Wa nane ukakatika nusu. Wa kumi na moja ulikuwa ndani sana, akasema uachwe, mwili wenyewe utautoa. Mjerumani akanigonga begani, akasema "Bravo", akarudi na siki yake kwenye saladi.

Siku ya sita

Ngazi 143 kwa mguu mmoja, sanduku amebeba mke wangu. Basi, upande wa kulia tena: ukitoka mjini bahari inahamia huko. Kwenye ukaguzi wa uwanja wa ndege nikaambiwa nivue viatu, mkanda na saa. Nikavua vyote haraka mpaka mke wangu akanishika mkono, akasema kwa Kiswahili kwamba hapa si Lokrum.

Ule mwiba wa kumi na moja ulitoka wenyewe siku ya kumi na mbili, ofisini, katikati ya kikao cha bajeti. Nikausikia unachoma. Nikajisogeza, nikavua soksi chini ya meza, lakini kwanza nikaangalia kushoto na kulia kama kuna anayenitazama.